Nilivyoingia Ukweni na Kaptula ya Baiskeli

Sijawahi kuisimulia hii stori mpaka mwisho, na si kwa sababu ni siri (mtaa wetu wote wa Kongo unaijua, rafiki yangu Otis alihakikisha), ila kila nikianza nachoka kabla sijafika katikati. Aibu inachosha kuliko kubeba simiti. Lakini nyinyi mmeniuliza kwa upole, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaosema nilikuwa uchi. Sikuwa uchi. Nilikuwa na kaptula.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Kawangware. Baiskeli nilianza nayo kwenda kazini tu, mpaka nikakutana na Otis, seremala wa Lindi kule Kibera, na kwake baiskeli ni kama kanisa. Jumapili tukawa tunatoka pamoja, lakini kuendesha baiskeli Nairobi ni kuomba msamaha kutwa nzima, unamwomba mwenye lori, unamwomba mwenye pikipiki, mpaka siku moja kioo cha gari kikanigonga kiwiko pale Ngong Road, halafu dereva ndiye akanitukana mimi. Nikamwambia Otis nimechoka, hii kitu nauza.

"Usiuze," akaniambia. "Kuna mahali gari haziko. Twende ziwani. Njia zote ni za ng'ombe na za akina mama wakienda kuteka maji. Unaendesha asubuhi mpaka jioni na hakuna mtu wa kukupigia honi."

Sasa hapo ndipo ningefikiria, kwa sababu ziwani ndiko kwao Akinyi, mke wangu.

Akinyi na mimi tulianza kukaa pamoja tu, vile watu wengi hapa wameanza, bila mtu kwenda kwao kusema neno. Mimi ni Mluhya, yeye ni Mjaluo, tulijuana akiuza mitumba mkabala na kibanda changu, mtoto wa kwanza akaja, wa pili akafuata, na kila mwaka tukawa tunasema mwaka ujao. Baba yake alituma neno mapema kabisa kwamba Akinyi asikanyage pale nyumbani mpaka huyo mwanaume aje na wazee wake, amevaa kama mtu, aingie kwa mlango. Basi Akinyi hakuwa ameenda kwao miaka hiyo yote. Akiongea na mama yake kwa simu hutoka nje, asimame kwa kamba za nguo, na akirudi ndani haniambii walichosema.

Nilipomwambia kuhusu safari aliuliza kitu kimoja tu. "Mtapita Bondo, karibu na kwetu?"

"Tutapita mbali," nikasema. (Sikujua. Mpaka wakati huo sikujua Bondo inaanzia wapi na kuishia wapi.)

Akachukua suruali yangu nyeusi ya kitambaa, ile ya kanisa, akaikunja, akaiweka kwa begi. "Baba Tasha, hii uibebe. Ukifika mahali kuna watu, uvae. Huko si Kawangware."

Tukaenda na basi, baiskeli zikiwa juu, tukalala kwa lojingi ya mji mmoja karibu na ziwa. Asubuhi napanga begi naona suruali inajaza nafasi yote, na Otis amenisisitiza kubeba maji ya kutosha, nikaitoa nikaiacha kwa kitanda nikijua jioni tutarudi pale pale. Uamuzi wenyewe ni huo. Suruali moja. Nikatoka na ile kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli, yenye kigodoro nyuma, ambayo ukiivaa mtu yeyote anajua umeumbwa vipi.

Na ile asubuhi ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Njia ilikuwa nyembamba, upande huu mtama, upande ule mafunjo, ziwa linaonekana halafu linajificha. Mahali pengine tulishuka tukasukuma baiskeli polepole kwa sababu omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zimeanikwa kwa nyavu mpaka katikati ya njia, na akina mama wakatuangalia kaptula wakainama kuendelea na kazi yao, mabega yakitetemeka. Hata hiyo sikujali. Nilikuwa nasikia cheni yangu ikizunguka. Nairobi huwezi kusikia cheni yako mwenyewe.

Mchana tukafika njia panda. Kulia kulikuwa na barabara ya murram, changarawe ngumu, na Otis akataka tuifuate kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Mimi nikaona pikipiki moja imepita kule na vumbi lake nikasema hapana, hatukutoka Nairobi kufuata pikipiki, tufuate hii ya ng'ombe. Otis akaniangalia. "Sawa," akasema. "Ni wewe umesema."

Mvua haikukaa sana, ila ilitosha. Mnaujua ule udongo mweusi unaonata? Gurudumu lilizunguka kidogo tu, likabeba udongo, udongo ukabeba majani, mpaka likakataa kabisa, na sisi ambao tulikuja kubebwa na baiskeli tukazibeba sisi kwa mabega, tukitembea kama watu wamevaa mawe, maji yakaisha, jua likarudi kwa hasira, na sikuwa na nguvu hata ya kulaumu mtu, hasa kwa kuwa wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Mwisho njia ikaishia kwa seng'enge ya shamba. Ng'ombe wao walikuwa na mahali pao pa kupitia, sisi hatukupaona. Nikamrushia Otis baiskeli, nikaruka, na kaptula ikashikwa nyuma. Nilisikia ule mlio wa kitambaa kikichanika. Otis aliangalia, akaangalia ziwa, akasema tu, "Tembea mbele yangu usijali, au hapana, tembea nyuma."

Ng'ambo ya shamba kulikuwa na boma, ua wa minyaa, nyumba ya mabati yenye veranda, na mama mmoja mzima akichambua mboga. Tulitokea nyuma ya jikoni yake kama wezi wa kuku. Otis akamsalimu kwa Kijaluo, akaomba maji. Mama akatuangalia kuanzia matope mpaka helmeti, kisha akaniona mimi nimejibana ukutani na begi nimelishikilia nyuma, na akaelewa bila kuuliza. Akaingia ndani akarudi na leso, khanga yake ya kujifunga, akaniwekea kwa mkono akiwa ameangalia kando.

"Jifunge, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Baiskeli haina heshima."

Nikajifunga leso ya maua mekundu, nikajisikia mtu tena. Akatukaribisha ndani, akatupikia chai nzito na viazi vya nduma, nami nikala kama nimetoka jela. Nikamuuliza habari za mvua, nikamsifu chai, nikamwambia mlango wake umelegea bawaba na nikipata vifaa nitautengeneza. Nilikuwa nimestarehe, jamani. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Nilikuwa nimekunja mguu mmoja juu ya mwingine, ndani ya leso yake.

Halafu nikaangalia ukutani. Kulikuwa na kalenda ya kanisa, picha ya mzee na kofia, na picha ya tatu ilikuwa Akinyi wangu, na Tasha, na mdogo wake, wamesimama mbele ya studio ya Kawangware ambayo naijua kwa sababu niliichomelea geti. Hiyo picha tulipiga wanne, kumbe Akinyi alituma moja kwao. Hapo ukutani walikuwa watatu, na mtu alikuwa ameikata vizuri kwa makasi, lakini hakuweza kumaliza, kwa sababu kwa bega la Tasha kulibaki mkono. Wa kwangu. Una kovu la moto wa kuchomelea, na kovu lenyewe lilikuwa hapa limeshika kikombe.

Nyinyi mnajua mambo ya mkwe na mama mkwe. Kwetu na kwao ni yale yale. Hamketi chumba kimoja hivyo, hamli meza moja, na nguo yake huigusi hata ikianguka kwa matope. Na hapo mimi hata mkwe sikuwa bado. Nilikuwa mkono.

Nikamgonga Otis mguu tuondoke. Otis, ambaye alikuwa amenogewa na maongezi, akadhani namwambia aseme kitu kizuri kunihusu. Wakawa wanaongea Kijaluo, sikuelewa yote, ila nilisikia "Kawangware," nikasikia "fundi," halafu nikasikia "Akinyi," halafu "Tasha," na mama akaacha kumimina chai. Birika likabaki hewani. Akaangalia mkono wangu. Akaangalia leso. Akaweka birika chini taratibu, akajifunika uso na khanga ya kichwani, akatoka, tukasikia mlango wa jikoni ukifungwa.

"Kuna nini?" Otis akauliza.

"Huyo ni mama yake Akinyi," nikasema.

Otis akaweka kikombe chake chini, akainuka.

Tukatoka nje. Sikujua kama niondoke na leso au niivue, na zote mbili zilikuwa makosa. Nikasimama tu mahali pa kufulia, mtu mzima na watoto wawili, nikiwaza kwamba Akinyi amengoja miaka yote hiyo niingie kwa mlango, na mimi nimeingilia shamba la mboga. Ningekuwa na machozi ningelia, lakini maji yote mwilini yalikuwa yameisha njiani.

Mama akaanza kuongea akiwa ndani ya jikoni, nyuma ya ukuta wa matope, kwa Kijaluo, sauti ya chini. Otis akasogea kwa dirisha dogo la moshi, akawa ananitafsiria akiangalia viatu vyake.

"Anasema uende na hiyo leso. Hapa hairudi tena."

"Sawa," nikasema.

"Anasema upite kwa geti, si ulikotoka. Mzee yuko kwa matanga, harudi mpaka jioni, asikukute." Tukasikia mama akisukuma kuni motoni, tukafikiri amemaliza. Kisha akasema kitu kifupi, na Otis akainua macho kutoka kwa viatu. "Anauliza kama watoto wanakula vizuri."

"Mwambie wanakula. Mwambie Tasha amekuwa mrefu kuliko mama yake."

Hakuhitaji kuambiwa, alinisikia. Akaongea tena.

"Anasema Akinyi aje na watoto shule zikifungwa. Mzee ataongea naye yeye mwenyewe. Wewe bado. Wewe ungoje mpaka uwe na wazee na suruali."

Tukapita kwa geti. Barabara kubwa ilikuwa hapo hapo, hatua chache tu, kavu na imenyooka. Nikaendesha mpaka mjini na leso ya maua katikati ya watu wa soko, ikiingia kwa cheni kila mara, na hakuna aliyenicheka usoni. Walinipisha tu, kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake tuliporudi Nairobi nilimweleza Akinyi yote usiku ule ule, kabla Otis hajafika Kongo kusimulia. Nilingoja anikemee. Alikaa na leso magotini akiikunja na kuikunjua.

"Anatembea sawa?" akauliza.

"Anatembea sawa. Goti la kushoto kidogo."

"Na chai bado anaijaza majani?"

"Ni nyeusi hata na maziwa."

Akacheka kidogo, halafu akalia, halafu akaenda kulala na leso ile, na mimi nikabaki nikiwa nimeketi, sina hata nguvu ya kuvua viatu. Shule zilipofungwa aliwapeleka watoto. Mimi nilibaki hapa nikila kwa kibanda, na jioni alinipigia simu akiwa kwao, nyuma kuna ng'ombe na watu wanaongea wote kwa pamoja, akasema wamefika, akasahau kukata.

Wazee wangu tumeshaongea. Siku ikifika nitaenda na gari, kwa barabara kubwa, yenye malori na honi na vumbi lake lote, nibishe hodi pale getini. Njia za ng'ombe nawaachia ng'ombe, wao wanajua zinaishia wapi. Na kama nitachoka, basi nitachoka nikiwa nimevaa.