Nyumba Iliyotolewa kwenye Utafiti

Mama aliyenilea katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka baada ya mama yangu kufa ni mtu wa Fizi, mzee sasa, na alikuwa akipika kwa kuni katika chumba kisicho na dirisha. Namwita mama mukubwa ingawa hatuna undugu. Kifua kilimsumbua tangu zamani.

Nilipopata kazi kwa watafiti wa uchumi kutoka Lilongwe, nilifurahi kwa ajili yake. Walitaka kujua kama majiko yenye moshi kidogo yangepunguza maradhi ya wazee na gharama za matibabu, na kama serikali ingefanya vema kuyalipia badala ya kukataza tu watu kukata miti. Majiko hayakutosha. Tukapiga kura: wengine wapewe sasa, wengine wangoje utafiti uishe, ili tuwalinganishe. Kikapu cha vikaratasi nilikishika mimi. Mama mukubwa akatia mkono, akatoa kikaratasi kitupu.

"Mi ningoje?" akaniuliza.

"Ungoje, mama mukubwa."

"Sawa. Siko peke yangu."

Laiti angelalamika.

Nilikwenda ofisini Lilongwe kumwomba mkuu wetu amwongeze kwenye wanaopewa sasa. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tukimpendelea mmoja hatutajua ukweli, na wazee wengi zaidi watakuja kukosa. Nilikubali, maana ndivyo nilivyosoma. Lakini mvua zilipoanza, kuni mbichi zikajaza moshi chumbani mwake, nikamsikia akikohoa hadi kushika ukuta. Nikaanza kumpikia kwangu, kwa makala, yaani mkaa, nampelekea bugali na maharage. Akaacha kuwasha moto. Kifua kikatulia.

Mkuu alipoona kwenye majibu kwamba mzee asiye na jiko anapata nafuu, akashangaa. Nikamweleza. Akasema nyumba ile itolewe kwenye hesabu. Hakunifukuza, na hilo nalo lilinichoma.

Sikujua nimemnyang'anya nini. Mwenzangu wa kazi, binti wa Bukavu, alikuwa akienda kumhoji: amelalaje, nani kamchotea maji, amekwenda kliniki au la. Siku hizo mama mukubwa alikuwa anaoga mapema, anavaa kitenge chake kizuri, anatoa kiti nje na kungoja. Tangu tufike kambini, hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza habari za usingizi wake na kungoja jibu.

"Ule binti hakuye tena," akaniambia. "Nilijibu mubaya?"

"Hapana. Ni mi njo nilikupikia, basi wakakutoa."

Akafikiri, mikono mapajani. "Kumbe bale bengine banabahesabu, mi hapana."

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Ungeniuliza kwanza. Kukohoa nilishazoea."

Nilimnunulia jiko sokoni Tsoka, la aina ileile. Alinishukuru, akalitumia siku hiyohiyo. Sasa hakohoi sana, na jirani zake wananisifu kwamba namtunza vizuri. Nasikia aibu nikisifiwa.

Asubuhi nikipita kwake namuuliza amelalaje.

"Bien," anasema, kwamba ni vizuri tu, kisha anaendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo.

Juzi yule binti alipita akienda kuhoji nyumba ya jirani. Mama mukubwa akaacha kutwanga, akamtazama mpaka binti akaingia humo. Mimi nilichukua ndoo, nikaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo.