Skolastika wa Kasingirima, Aliyelisha Kabla ya Kuuliza Jina

Je, msomaji mpendwa, mgeni akibisha hodi kwako, unatanguliza swali au unatanguliza sufuria?

Skolastika alizaliwa Mwandiga tarehe 10 Februari 1940, sikukuu ya somo wake, katika nyumba ya wakamuaji wa mawese. Bibi yake aliyemlea mgongoni alikuwa na mwiko mmoja: mgeni haulizwi jina kabla hajashiba, maana mwenye njaa hujibu huku anaogopa kunyimwa. Mjukuu akaushika mwiko huo kama amri ya kumi na moja. Alipofika miaka kumi na saba alitamani utawa, akashona hata gauni jeupe la kwendea. Lakini mwaka huohuo baba alifariki na mama akapofuka. Padre wa parokia akamwambia, "Binti, nyumba ya mama yako ndiyo konventi yako." Hakulia mbele ya watu. Gauni akalikunja sandukuni pamoja na majani ya mchaichai, akamtunza mama yake miaka kumi na tisa, na alipokwisha kumzika akahamia Kasingirima, akawa anaanika dagaa ufukweni Ujiji.

Mwaka 1993, watu walipokimbia mauaji ng'ambo ya ziwa, Skolastika aliwapokea kumi na wanne katika chumba na sebule. Wengi husimulia kwamba sufuria moja ya ugali iliwatosha wote kwa siku arobaini. Jirani yake Saumu, Mwislamu wa palepale, yeye husema, "Ilitosha kwa kuwa mwenyewe alikuwa anakwangua ukoko." Yote mawili yaweza kuwa kweli.

Wale wengine walipopelekwa kambini, alibaki msichana wa miaka saba aliyekuja peke yake. Baba yake alitafutwa na wauaji, na mama yake, akimpandisha mtumbwini, alimwambia, "Jina lako limeze mpaka nije." Mama hakuja. Kila jioni Skolastika alimwuliza, "Umekula, mwanangu?" Naye alijibu, "Kidogo." Basi jina hakuulizwa. Shuleni aliandikishwa Agnesi, jina la kuazima tu. Watoto wa mtaani wakamzomea, "Hajashiba huyooo! Atamaliza dagaa wa ziwa zima!" Hata Saumu alitania, "We Skola, mwaka wa pili huu mtoto hajashiba? Tumbo gani hilo?"

"Tumbo la hofu, dada. Halijai upesi."

Mwaka 1995, mchana kweupe, wanaume watatu walishuka ufukweni wakimtafuta binti wa mwalimu mmoja wa ng'ambo. Wakamwona mtoto anageuza dagaa mchangani. Skolastika hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na kila mwanamke pale alilijua hilo, akahofu kwamba atasema kweli.

"Mama, huyu anaitwa nani?"

"Sijui."

"Unaishi naye, jina hulijui?"

"Sijamwuliza. Bado hajashiba."

Wakadhani wanachezewa. Walimpiga kwa kasia mpaka mkono wa kushoto ukavunjika, wakakanyaga dagaa wote wa juma zima, naye alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake, akirudia jibu lilelile. Hamdani, mume wa Saumu, akaja mbio na wavuvi wenzake, na wale watatu wakarudi majini. Ndipo wanawake walipoelewa kwamba ule mwiko waliokuwa wakiucheka ndio uliomwokoa mtoto, na ulimi wa Skolastika ukabaki safi. Mkono ule haukunyooka tena. Akajifunza kuanika kwa mmoja.

Agnesi akakua, akasoma, akawa mkunga. Skolastika alifariki tarehe 3 Mei 2019. Walipolifungua lile gauni la utawa ili wamvike, lilimtosha bila kuongezwa hata pindo, baada ya miaka sitini na miwili, na lilikuwa bado linanukia mchaichai. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake, nasi hatulitangulii. Lakini Kasingirima, hata katika nyumba za Waislamu, mgeni anakula kwanza; na atakayetaka kumwiga Skolastika aanzie hapo, jikoni kwake, kwa kilichopo.

Yabaki sasa maneno ya alasiri ile ya mwisho, aliyoyasikia Saumu akiwa amekaa kwenye mkeka. Agnesi, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, alikuwa akimnywesha uji kijiko kwa kijiko. Mgonjwa akageuza uso wake, akauliza kwa sauti iliyokwisha kuwa nyembamba, "Na wewe, umekula, mwanangu?"

Agnesi akaweka bakuli chini. Akaushika ule mkono uliopinda. Mama wa kule mtumbwini hakuwa wa kungojwa tena, na mama wa hapa alikuwa anaondoka bila kuuliza.

"Nimeshiba, mama. Nilishiba zamani, nilikuwa naogopa kusema. Naitwa Nizigiyimana, binti wa mwalimu Bonaventura."