Valentin na Makanisa ya Bruxelles

Valentin, mwalimu wa hapa Butembo, alienda Bruxelles kwa semina ya siku kumi tu, mais tangu arudi hakuna kitu ya kwetu inamupendeza. Jumamosi, wakati sisi wa parokia tulikuwa tunabeba matofali ya kanisa yetu mupya, bwana mukubwa alisimama kivulini na telefone, anatuonyesha picha za makanisa ya kule.

"Hii ni mawe ya kuchongwa! Ukuta yenu inapinda."

Muke wake Florentine, mama ya mutoto wao Sagesse, alitua muzigo.

"Papa Sagesse, batu benye balibeba ile mawe, ulibaona?"

"Balikufa zamani sana."

Florentine akamunyanganya telefone, akamutia tofali mukononi.

"Wewe uko muzima. Simama, nikupige picha na tofali yako ya kwanza."