Nyumba ya Mkuu wa Gereza

Vijana mtakaosoma haya, naweni mikono kwanza. Karatasi si jani la mgomba. Na msisome mkiruka mistari, maana mimi kusoma nimejifunza ukubwani, katika darasa la kisomo, mtoto mgongoni na jembe mlangoni, na kila neno mnaloliona hapa limenitoa jasho. Mmoja wenu aliniuliza juzi ubatizo wa watoto wachanga ulianzia wapi. Nikamwambia ulikoanzia mimi sijui. Ninachokijua ni jinsi ulivyotaka kumvunjia binti yangu nyumba. Basi someni.

Binti yangu huyo aliolewa na kijana wa Kipare, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na mashamba ya chai yalikuwa yamejaa watu wa kila kabila na kila dini. Wakati wa posa wazee walizungumza yote: mbuzi, blanketi la bibi, jembe, hata shangazi gani akae wapi. Jambo moja tu hawakuligusa. Sisi ni Walutheri wa Mlalo, na kijana ni Msabato. Hakuna aliyeuliza watoto watakuwa nani. Nadhani kila upande ulijiona umeshashinda, ukaona haya kumwumbua mwenzake.

Binti alikuja kujifungulia kwangu, kama desturi. Akapata mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Arobaini ilipopita, mume wangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akatangaza kwamba mjukuu wake hateremki mlima bila kubatizwa. Jumapili mkwe akapanda kuja kumchukua mkewe, akaambiwa hivyo. Akainama kwa adabu zote.

"Baba, nakuheshimu sana. Lakini mtoto huyu hajatubu hata kosa moja. Atabatizwa kwa lipi?"

"Atabatizwa kwa sababu ni wa nyumba hii."

"Mimi nilibatizwa nina ndevu, baba. Mtoni, mwili mzima. Na mwanangu atangoja akili yake."

Basi mtoto hakubatizwa, na binti yangu hakuondoka. Akawa yupo yupo tu, si mgeni, si mwenyeji, anapepeta maharage yangu huku macho yakiwa njiani.

Sasa lazima mjue jambo moja. Zamani zile mama mkwe hakukaa uso kwa uso na mkwewe, sembuse kubishana naye. Mkwe akija barazani, mimi niliingia jikoni. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mimi mdomo ninao. Kwa hiyo nikitaka kusema neno nililiambia sufuria. Nililiambia kwa sauti. Wanaume barazani walisikia, wakajibu kana kwamba wanajibu upepo, na heshima ikabaki mahali pake.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeigeuza kesi ile kuwa baraza la kila Jumapili. Yeye ni Mwislamu, mkulima wa kabichi kule Mlola. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, nusu msikitini, nusu kanisani, na kwenye kila sherehe yeye ndiye huchinja ili wote tule. Alikuja kumtazama mtoto, akakuta watu wamenuna, akavuta kigoda.

"Mimi sina upande hapa," akasema. "Kwa hiyo mimi ndiye mwamuzi. Haya, shemeji, nani alianza kubatiza watoto?"

"Ni tangu kanisa la kwanza," mume wangu akajibu.

"Kanisa la kwanza lipi?"

"La Mlalo."

Mkwe akaficha kicheko ndani ya kiganja. "Baba, Mlalo walikuja Wajerumani. Mitume walikuwa wameshakufa zamani sana."

"Na hao Wajerumani waliutoa wapi? Waliuota melini?"

"Hilo ndilo tunalouliza, shemeji," kaka akasema. "Usimjibu mwamuzi kwa swali."

Mume wangu akafungua Maandiko. Akawasomea habari za wale mitume wawili waliofungwa jela, usiku likapita tetemeko, milango ikafunguka, na mkuu wa gereza akaamini, akabatizwa palepale pamoja na watu wote wa nyumbani kwake. Akalifunga Kitabu kwa kishindo. "Wote ni wote. Mtoto si mtu wa nyumbani?"

"Nionyeshe huyo mtoto, baba. Sioni mtoto humo."

"Na mimi sioni mlipoandikiwa kwamba hakuwepo!"

Basi kuanzia siku hiyo wakahamia nyumbani kwa mkuu wa gereza. Kila Jumapili mume wangu akitoka ibadani na mkwe akipanda kutoka shamba la chai, walikuta kaka yangu amekwisha kaa, tena anakula ndizi zangu. Wakampa yule mkuu wa gereza mke. Mume wangu akasema ni mke kijana, mwenye mtoto wa kunyonya. Mkwe akasema haiwezekani, cheo kama kile hakipewi kijana, mke lazima alikuwa mama wa makamo na watoto wake wamekwisha oa. Kaka akasema pengine alikuwa na wake wawili, mmoja wa makamo na mmoja kijana, wote wakapata walichotaka. Wakamfukuza kwenye uamuzi kwa muda.

Siku moja uvumilivu ukanishinda. Nilikuwa nasonga bada, ugali wetu, nikaliambia sufuria: "Wewe sufuria, nyumba imetikisika mpaka milango ya jela imefunguka. Kama kulikuwa na mtoto mchanga mle ndani, angelia mpaka mwandishi akaandika."

Kisha nikamsikia mkwe anasema taratibu, "Sufuria la nyumba hii lina hekima."

"Mama watoto!" mume wangu akaita. "Wewe uko upande gani?"

Nikaona nimempokonya mume wangu ushindi mbele ya mkwewe, na hilo nalo si jema. Nikarudi kwa sufuria. "Lakini mwandishi alikuwa mwanamume, na wanaume nawajua. Mtoto atalia mpaka alfajiri, baba yake atakuambia nyumba ilikuwa shwari."

Kaka yangu alicheka mpaka kigoda kikaangusha mguu. Lakini binti yangu, aliyekuwa amekaa karibu nami akinyonyesha, hakucheka. Nikamwona, nikageukia bada yangu.

Tukasema mchungaji amalize. Alipopita kijijini kwetu mume wangu akamkalisha mbele ya mkwe, akijua yameisha. Mchungaji yule alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ukatuponza. Alisema kwamba kule mwanzo watu wa kanisa wenyewe hawakuwa na sauti moja. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kale, wa Afrika hii hii upande wa kaskazini, aliyeandika kwamba watoto wasiharakishwe kubatizwa, wangoje wakue wamjue Bwana. Na baadaye kukawa na mwingine, wa Misri, aliyesema desturi ya kuwabatiza imetoka kwa mitume wenyewe.

Mkwe akamchukua yule wa kwanza. Mume wangu akamkumbatia wa Misri. Tulikuwa tumeita mtu aje kuzima moto, akampa kila mmoja kuni zake.

"Ngojeni," kaka akasema. "Wote wawili Waafrika?"

"Ndiyo, mzee wangu," mchungaji akajibu.

"Basi, shemeji, Mlalo si ya kwanza. Tumetawaliwa bure."

Mume wangu hakusema naye mpaka jua lilipozama. Mimi nikamsindikiza mchungaji kwa kabichi mbili, maana mtu hafukuzwi kwa kusema kweli.

Mvua za masika zikaanza. Jumapili moja mkwe hakuja. Tukasema njia imeharibika. Ya pili pia hakuja. Siku iliyofuata, kaka yangu akiwa bado kwetu, akaja jirani wa mkwe kule kiwandani, mama mmoja mchuma chai, amebeba sabuni ya mtoto na kanga mpya. Akatusalimu, akanywa uji, ndipo akatoa neno alilotumwa. Pale shambani, mwenye familia alipewa chumba cha ndoa, na asiye na familia alilala na makapera. Msimamizi alikuwa ameona chumba cha mkwe wetu hakina mke wala mtoto, na kulikuwa na kijana mwingine ameoa anakililia. Mwezi ukiisha kingechukuliwa. Mkwe alikuwa anashinda kwenye mlango wa msimamizi kukiombea, ndiyo maana hakupanda.

"Akasema mwambieni mama mtoto," yule mama akamaliza, "paa lilikuwa linavuja, ameliziba."

Mume wangu akashika kidevu. Akaanza kusema kwamba mambo ya Mungu hayapimwi kwa chumba. Binti yangu, ambaye tangu azaliwe hajapata kumjibu baba yake, akapiga magoti pale mlangoni na mtoto mkononi.

"Baba, naomba unisamehe. Huyo mkuu wa gereza miezi yote hii mmempa mke, mmempa watoto. Na nyumba mmemwachia. Mimi yangu inachukuliwa mwisho wa mwezi."

Mume wangu akamtazama. Akamtazama mtoto, naye mtoto akamshika kidole. Nilimjua mume wangu. Angekaa na jambo hilo wiki nzima, alitafune, na mwezi ungeisha angali anatafuna. Nikatoka jikoni. Safari hii sikuwa na haja ya sufuria, kwa kuwa mkwe hakuwepo na, ukiacha yule mama mgeni, hawa wengine wote walikuwa wangu.

"Na maji?" mume wangu akauliza kabla sijafungua mdomo. Aliuliza kwa sauti ndogo, na nikamhurumia, kwa sababu alimpenda yule mtoto na alimwogopea.

"Maji hayaishi mlima huu," nikamwambia. "Mwekee mkono kichwani, umwombee sasa hivi. Mpare hawezi kukataa sala ya babu."

Akamwombea. Sala ilikuwa ndefu. Kaka yangu alisimama kando, mikono wazi, akaitikia amina. Sala ilipokwisha hakuna aliyejua afanye nini, wanaume hasa. Basi nikasema:

"Wewe, mama mtoto, funga nguo zako sasa hivi, usisahau nepi za mtoto kwenye kamba. Baba watoto, vaa viatu vyako vya ibada, mjukuu utambeba wewe mpaka mlangoni kwa mkweo, na utabisha hodi wewe mwenyewe. Kaka, huo mkungu wa ndizi ulioutolea macho tangu asubuhi, jitwike, uende nao mbele. Na asiwepo mtu wa kurudi hapa kabla hajamwona msimamizi amemwona mtoto."