Arifa ya Ng'ombe wa Nyamwaga

Nilikuwa mhandisi mwandamizi wa programu za simu katika kampuni moja ya habari. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam, lakini miaka yangu ya mwisho kazi niliifanyia nyumbani Nkende, hapa Tarime, kwenye chumba kinachotazama banda la kuku. Elimu yangu ni ya sekondari, mengine nilijifunza kwa kufungua simu za watu. Vijana wa ofisini waliniheshimu, na heshima hiyo niliogopa sana kuipoteza.

Nilishughulikia arifa, yale maneno mafupi yanayotokea kwenye kioo cha simu pamoja na mlio wake. Nilitengeneza arifa za mkoa, ili msomaji wa Mara apate habari za Mara. Vijana niliwawekea sharti: msijaribu arifa kwa kuandika "jaribio jaribio". Andikeni kitu kinachofanana na habari ya kweli, muone maneno yanavyokaa.

Asubuhi moja mdogo wangu alinipigia. Alikuwa anaswaga ng'ombe wa mahari ya mwanawe, amekaribia Nyamwaga akija mjini, na simu yake inaisha chaji.

"Wewe kaa tu hapo kwenye kiti, kaka," alisema akicheka. "Kazi za kutembea tuachie sisi."

Nikarudi kwenye jaribio langu. Kichwani bado nilikuwa na ng'ombe na Nyamwaga, nikaandika: "Ng'ombe waibwa Nyamwaga, mwizi awaswaga kuelekea Tarime mjini." Nikabonyeza. Simu yangu ikalia. Kisha ikalia ya mke wangu, jikoni.

Mke wangu hakuwa kwenye kundi la majaribio. Nilikuwa nimechagua wasomaji wote wa Mara.

"Baba, umeona?" aliita. "Nyamwaga wameibiwa tena."

Ningetuma masahihisho pale pale, pengine nisingekuwa na kisa hiki cha kuandika. Badala yake niliifuta habari kwenye programu, mhariri asije akaiona. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba iliyokwisha kufika kwenye simu za watu haifutiki hivyo. Ndipo likanijia: mtu anayeswaga ng'ombe kutoka Nyamwaga kuja mjini saa hiyo ni mdogo wangu. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena.

Huku kwetu ng'ombe wakiibwa hupigwa yowe, na kila anayelisikia hutoka na alichonacho, panga, upinde au rungu, na kulipokeza kwa walio mbele. Yowe halina kitufe cha kulizima.

Dereva wa bodaboda aligoma kwanza. "Mzee, huko hakuendeki leo. Watu wametoka."

"Nipeleke. Ni ndugu yangu."

Njia nzima nilisikia yowe likitutangulia, kilima hadi kilima. Nilikuwa najiuliza nitamkuta amelala upande gani wa barabara.

Nilimkuta hai. Alikuwa amekalishwa chini kando ya shamba la migomba, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe, bega la kushoto linavuja damu. Ng'ombe walikuwa wanakula mahindi ya mtu.

"Huyo mwingine amemfuata mwenzake!" mmoja alipiga kelele.

"Muulizeni kwanza, mura," alisema mzee mwenye upinde, akiwatuliza vijana.

Nikasema ng'ombe ni wa mahari, hakuna aliyeibiwa, habari ile niliiandika mimi kwa makosa. Wakacheka. Kijana mwenye panga akanisogezea simu yake usoni.

"Hii ni habari ya Dar es Salaam. Wewe umeandikia wapi, zizini?"

"Nkende."

"Nkende! Tata, mzee mzima, usiudanganye umati kwa ajili ya mwizi."

Kadiri nilivyokiri ndivyo nilivyoonekana mwongo. Nikatoa simu, nikaingia mahali pa kutuma arifa. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Niliandika, nikafuta, nikaandika: "Habari ya wizi wa ng'ombe Nyamwaga si ya kweli. Ilitumwa kwa makosa. Tunaomba radhi." Nikabonyeza. Kimya. Kijana akalipandisha panga begani.

Kisha simu ikalia kwenye fundo la kanga ya mama mmoja. Ikalia nyingine, na nyingine, na ile ya kijana. Akaisoma kwa sauti, taratibu. Watu wakanigeukia, na sasa hofu ikawa ya nafsi yangu.

"Kwa hiyo ni wewe uliyetutoa mashambani," alisema kijana.

"Ni mimi."

Mzee mwenye upinde akaagiza mdogo wangu afunguliwe. Akanitazama. "Mke wake ungekwenda kumwambia nini?"

Mhariri nilimpigia kutoka hapo hapo, nikamweleza yote, pamoja na kule kufuta. Waliniondoa kwenye arifa, na walikuwa na haki.

Bega lilipona vibaya. Siku ya harusi ya mwanawe, mdogo wangu alicheza akiinua mkono mmoja tu, mwingine umelala ubavuni. Alipopita mbele yangu aliinama sikioni.

"Kaka, kumbe kazi yako si ya kukaa tu."

Waliosikia walicheka naye. Mimi nilikuwa nautazama ule mkono.