Bi Manyoya na Mfuko Mbichi

Jina la Bi Manyoya hakupewa na wazazi. Alipachikwa na wapagazi wa mlimani, watu wasiokosa la kusema hata wakiwa na mzigo kichwani, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kutoka nje bila kinyoya kumng'ang'ania mahali: kwenye kilemba, kwenye sikio, siku moja kwenye kope. "Bi Manyoya, utaruka lini?" walimtania wakipita. "Nikimaliza kuwaanikia ninyi," aliwajibu. Wakacheka, naye akacheka, kisha akarudi ndani kuanika.

Kaka yake mkubwa alikuwa na duka la kukodisha vifaa kwa watu wa kupanda mlima: mahema, viatu, fimbo, na ile mifuko minene ya kulalia ambayo mtu hujitumbukiza na kuvuta zipu mpaka kidevuni, baridi ya huko juu isimwondoe duniani. Mifuko mizuri imejazwa vinyoya vya kifuani mwa bata. Vikiwa vikavu vinatuna, hewa inakaa humo, na mtu analala kama mtoto aliyeshiba. Vikilowa vinashikana mabonge, na ule mfuko wa bei unakuwa shuka tu, tena lenye uvundo. Kuitunza hiyo mifuko ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Manyoya.

Usiidharau kazi hiyo. Blanketi unalifua, unalitupa kambani, unakwenda zako kupiga soga. Mfuko wa vinyoya hauna ruhusa hiyo. Unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, unaukandamiza kwa viganja, husugui wala hukamui. Ukiutoa, unaupakata kutoka chini kwa mikono miwili kama mgonjwa, maana ukiunyanyua upande mmoja tu, uzito wa maji utapasua vile vyumba vya ndani vilivyoshonwa kushikilia vinyoya. Halafu unaulaza kwenye wavu, mahali penye upepo, na kila baada ya kitambo unaugeuza, unapapasa, unatafuta bonge, unalitenganisha kwa vidole. Siku nzima, na kesho yake, pengine na keshokutwa. Ukiuacha katikati, nje utakudanganya kwamba umekauka, kumbe ndani unaoza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Bi Manyoya alikuwa akiyavulia nguo kila wiki.

Alikuja hapo ndoa yake ilipovunjika. Kaka alimpokea bila swali hata moja, na hilo, nakwambia, ndilo lililomfunga. Ndugu anayekusimanga unaweza kumkimbia. Anayekupokea kimya utamkimbiaje? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilichukua mwenyewe. Aliona rundo la mifuko michafu, akaufua wa kwanza kama anavyofua blanketi, kwa sabuni ya unga, akausugua, akaukamua, akauning'iniza kambani kwa ncha moja. Jioni vinyoya vyote vilikuwa vimeteremka chini. Juu kitambaa kitupu, chini uvimbe kama mguu wenye matende. Kaka aliutazama, akasema, "Basi, tutajifunza." Hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Aibu ile ilimkaa kooni mpaka akaapa kwamba hakuna mfuko mwingine utakaoharibikia mikononi mwake.

Kiapo alikitimiza. Walimpa chumba kirefu nyuma ya duka, chenye madirisha mawili, na nyavu za kuanikia zikatandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kitanda chake kilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya pazia. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilimbidi ainame chini ya nyavu, na kwa miaka mingi hivyo akazoea kuinama hata mahali pasipo na wavu. Wifi yake alikuwa akimcheka sokoni: "Simama wima, wifi, hapa hakuna mfuko wa mtu."

Sasa, aliyekuja kuvuruga mambo alikuwa fundi wa zipu. Zipu za mifuko hiyo hukwama, hung'oka meno, na fundi alikuwa akija kuzitengeneza palepale ili mifuko isitoke dukani. Mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikaa kwenye kigoda karibu na nyavu akishona, naye Bi Manyoya akigeuza mifuko, na kile chumba kirefu kikaanza kuwa kifupi. Kaka aliona, akaanza kumwita shemeji kwa utani. Fundi akaitikia bila utani.

Siku moja fundi alisema, huku macho yako kwenye sindano, "Nahamia mji wa pili. Nimepata kibanda cha kazi, na nyuma yake vyumba viwili. Kimoja kina dirisha kubwa."

"Dirisha kubwa la nini?"

"La kutazama nje tu. Hakuna cha kuanika."

Bi Manyoya aligeukia ukutani kwa sababu machozi yalimtoka, naye hakutaka yadondokee vinyoya vilivyokwisha kukauka. Alitaka kwenda. Lazima ulielewe hilo kabla hujamhukumu. Alitaka kwenda kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji.

Posa ililetwa, ikapokelewa, siku ikapangwa. Kesho aondoke, leo kaka akaloweka mifuko mitano. "Kuna wageni wanakuja, dada. Hiyo ikikauka tu, nenda zako." Ilipokauka, fundi naye alikuwa safarini kununua vifaa. Ikapangwa siku nyingine. Mara hiyo kaka akaloweka saba. Mara ya tatu ikawa eti panya wameikojolea. Panya gani hao wenye ratiba? Bi Manyoya aliona wazi, akavimba kwa hasira, na kila alipofungua mdomo alikumbuka lile neno, "Basi, tutajifunza." Mtu aliyekupa paa utamkoromea ukiwa chini ya paa hilohilo? Akawa analala nyuma ya pazia lake huku pumzi inakata, kana kwamba mifuko yote mibichi imewekwa juu ya kifua chake. Fundi alihamia mji wa pili peke yake.

Kisha akapiga simu. "Ijumaa nakuja na basi la asubuhi," alisema, "narudi na la mchana. Nikikukuta mikono mikavu, tunaondoka pamoja. Nikikukuta umelowa, sitakuuliza tena."

"Umenikasirikia?"

"Hapana. Nimechoka. Wanasema subira huvuta heri. Yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Aliyemwokoa, au aliyedhani amemwokoa, ni wifi. Alimkalisha mumewe mezani, akamwambia bila kumung'unya maneno, "Umemfanya dada yako kibanio cha nguo. Watu wanaona, na mimi naona haya." Mtu yule mzima aliinama. Kesho yake aliingia chumba cha nyuma, akakaa kwenye kigoda cha fundi, magoti yamemfika kidevuni.

"Dada, nimekukosea," alisema. "Niliogopa duka litakufa. Sasa hii mifuko yote ni mikavu, na Mungu ni shahidi, sitagusa maji mpaka uondoke. Nitaleta ile ya pamba ya kiwandani. Ile hata mimi naweza kuifua."

"Ile ni mizito, kaka. Wapagazi watalalamika."

"Wamezoea kulalamika. Wewe nenda."

Bi Manyoya alimshukuru. Kaka alipotoka alikaa kitandani akingoja furaha imjie, akangoja, akaona kinachokuja ni woga. Miaka yote mlango ulikuwa umeshikiliwa na mtu, naye alikuwa akiusukuma. Leo mtu ameachilia, na yeye hakujua aweke wapi mikono yake. Alijiambia ni uchovu.

Ijumaa sanduku lake lilikuwa mlangoni mapema. Nyavu zilikuwa tupu. Mifuko yote ilikuwa imetundikwa, imelegea, inapumua. Akaenda dukani kumsaidia kaka ili saa zisogee, na hapo akaingia mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anapanda mlima kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko mkubwa kuliko yote.

"Huo utakumeza," Bi Manyoya alimwambia. "Hiyo nafasi tupu utampashia joto nani? Mfuko hauna moto wake. Jiko ni wewe."

Akamvulisha viatu, akamlaza sakafuni ndani ya mwingine mwembamba. "Nyoosha miguu. Vidole vinagusa mwisho? Basi huo ni mfupi, vinyoya vya hapo vitalala na vidole vitaganda. Jaribu huu."

"Mbona huu umeandikwa ni wa baridi ndogo kuliko ule?" mwalimu aliuliza kutoka ndani, sura tu ndiyo inaonekana.

"Namba hiyo ya baridi inaahidi hutakufa. Haiahidi usingizi. Huko juu baridi haifiki namba hiyo, kwa hiyo utalala. Sasa ukandamize kwa kiganja, uachie. Unaona ulivyoinuka haraka? Mfuko unaosuasua kuinuka, achana nao. Na ukifika kambini, utoe kwenye kifuko chake mapema, upate kutuna kabla hujalala."

Mwalimu alitoka ndani nywele zimesimama, anacheka. "Bahati yangu nimekukuta. Nimeambiwa leo unaondoka."

"Leo hii."

"Wa kesho watamwuliza nani?"

Aliuliza tu, masikini, kama mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Akauchukua mfuko wake, akaaga, akaenda zake. Ukabaki ule mkubwa juu ya kaunta. Bi Manyoya akaukandamiza kwa kiganja, akauachia. Ulisuasua kuinuka, upande wa miguuni. Akapapasa, akakuta bonge. Moja, la ukubwa wa harage.

Bonge la ukubwa wa harage halifuliwi. Unalifikicha kwa vidole viwili juu ya kitambaa, unaupigapiga mfuko, yamekwisha. Hata maongezi hukatishi. Hakuna mtu duniani aliyelijua hilo kuliko yeye. Aliubeba mfuko ule hadi chumba cha nyuma, akauweka ndani ya beseni, akafungulia maji.

Alijiambia ni dakika moja tu. Mfuko mkubwa haukubali kuzama upesi. Hewa ilikuwa inatoka povu kwa povu, naye akiukandamiza kwa viganja, taratibu, kama siku zote, maji yakampanda hadi viwikoni. Moyo uliokuwa ukimdunda tangu alfajiri ukatulia. Hilo ndilo linaloniudhi mimi katika habari hii yote, kwamba ulitulia.

"Shemeji kafika!" kaka alipaza sauti kutoka dukani. Akaingia amebeba sanduku la dada yake, uso umechangamka kama yeye ndiye bwana harusi, na nyuma yake fundi, amevaa shati la pasi. Wote wawili walisimama. Fundi alitazama beseni, halafu akamgeukia kaka.

"Si mimi," kaka alisema. "Haki ya Mungu, shemeji, leo si mimi."

"Si yeye," Bi Manyoya alisema. "Ni mimi."

Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Kwa nini?"

"Ulikuwa na bonge."

Alimngoja aongeze neno. Angeongeza lolote, hata uongo, mwanaume yule angeuchukua kwa mikono miwili. Bi Manyoya akarudisha viganja ndani ya beseni. Fundi akavaa miwani yake, akamshika kaka mkono, akamuaga wifi aliyekuwa amefika mlangoni, akasema, "Kwaheri, Bi Manyoya. Ubaki salama." Akatoka kuelekea kituo cha mabasi bila kugeuka nyuma.

Kaka aliweka sanduku chini akaanza kukunja mikono ya shati. "Nenda, dada. Basi halijaondoka. Nitauanika mimi, niambie tu naanzia wapi."

"Utaupasua."

"Basi niupasue! Ni mfuko."

"Hujui kuupakata, kaka."

"Mimi je?" wifi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi. "Mwaka jana nilikuomba unifundishe, ukaniambia mikono yangu mizito. Yule dada wa jirani alikuja mwenyewe, ukamwambia kucha zake ndefu. Kucha zinakatwa, wifi. Tulidhani unatania."

Bi Manyoya aliitazama mikono ya wifi yake. Ilikuwa mikono ya kawaida, myepesi kuliko hata yake, iliyolea watoto na kushona vifungo, isingeshindwa. Kusema "njoo nikuonyeshe" kungechukua muda mfupi kuliko kutembea hadi kituoni. Nje, kondakta alikuwa akiita abiria wa mji wa pili, na sauti ilipenya madirisha yote mawili. Wote watatu waliisikia.

Akaingiza mikono chini ya mfuko, akaupakata wote kwa mara moja, maji yakimchuruzika kifuani na miguuni, na alikuta kaka na mkewe wamesimama kati yake na wavu.

"Nipisheni," alisema.

Wakampisha.