Nyongeza ya Mama

Mama yangu aliuza usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, hapo Mbamba Bay kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo hakuwahi kufuta kisado. Wauzaji wenzake walijaza ile ndoo ndogo, wakapitisha kiganja juu yake, na kilichozidi kikarudi kwenye turubai. Mama aliacha kichuguu cha samaki juu, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza. Kwake yeye, mtu wa kufuta kisado hakuwa mtu wa kumwachia mtoto.

Kwa hiyo nilijua nakwenda kumkosea siku niliposhuka kwake, miezi mitatu baada ya kupasuliwa Dar es Salaam, nikiwa na kikombe kidogo cha plastiki mkobani. Unene, sukari na magoti vilikuwa vimenishinda, na daktari akanipunguza mfuko wa chakula ukabaki mdogo kama ndizi. Kikombe kile kikijaa hadi ukingoni, ndio mlo wangu mzima: samaki kwanza, kijiko kidogo kidogo, maji baadaye. Mimi ni fundi cherehani Mbinga mjini, kupima ni kazi yangu. Ila nilizoea kupima wengine.

Mama aliitikia shikamoo yangu huku ameshika mikono yangu, akiigeuzageuza kama anayetafuta nyama iliyopotea. Kwetu mtu akikonda upesi watu hunong'ona, na majirani walikwishaanza kumpa pole. Aliogopa kunizika. Akaenda jikoni.

Nilimweleza habari za kikombe. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo ya kanisani yasiyomhusu. Akapakua samaki aina ya mbasa wa mchuzi hadi ukingoni, sawasawa kabisa, na nilipogeuka kunawa akaongeza. Nilipolalamika akasema haba na haba hujaza kibaba. Nikamjibu kwamba kibaba changu siku hizi hujazwa na haba moja tu. Alicheka kidogo, akabaki ananitazama mdomoni. Nikamwonea huruma, nikala yote, na tonge la ugali wa muhogo juu yake.

Maumivu yalinibana kifuani kabla sijanyanyuka. Nilitapika nyuma ya jiko, nimeegemea ukuta, na mama amesimama nyuma yangu na kata ya maji, akirudia kwamba ameniua kwa mkono wake mwenyewe. Maneno yale yaliniuma kuliko tumbo. Hasira nayo nilikuwa nayo, sifichi. Kwenye gari la kupanda Mbinga niliapa kwamba sitakula tena kwake. Tulipofika juu kwenye mibuni nikaanza kulia, maana kwenda kwa mama bila kula ni kwenda kumsalimia tu na kuondoka, kama mgeni.

Nilikaa wiki sita bila kwenda kwake. Alipiga simu mara nyingi, akauliza habari za mvua, za cherehani, za kila kitu isipokuwa chakula. Mwishowe nikashindwa, nikateremka.

Safari hii hakuniuliza kitu. Aliketi kwenye kigoda, akaomba kikombe, akakiweka juu ya sahani. Mbasa alikwishamtoa miiba na kumponda laini. Akapakua hadi kikombe kikafurika, na mkono wake ukarudi kwenye sufuria kuchota nyongeza. Mkono ukasimama hapo juu ya sufuria, na mwiko ukawa unadondosha mchuzi.

Kisha akauweka mwiko chini, akachukua kisu, akapitisha mgongo wa kisu juu ya kikombe, taratibu, hadi samaki akawa sawa na ukingo. Kilichozidi akakisukumia kwenye sahani yake.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekufutia."

Nilishika kijiko nikaanza kula, na machozi yananitoka bila aibu. Mlo wangu huchukua nusu saa. Mama alikuwa na ugali wa kumaliza kwa dakika tano, lakini alikata matonge madogo madogo, akawa anatafuna huku akinitazama, asije akamaliza kabla yangu.

Kikombe kilipoisha nikamwambia nimeshiba. Akakichukua, akakiosha, akakipanga kabatini pamoja na vyombo vyake.